Anwani za intaneti: Za zamani zaadimika, mpya zasubiri wateja

BIDHAA tunayoitazama safari hii haipimwi kwa kilo, haishushwi bandarini kwa kontena wala haipangwi mafungu pale Kariakoo. Haishikiki na haina harufu. Hata hivyo ina soko lake, ina madalali wake, bei yake hupanda na kushuka, na wapo wakazi wa Kipawa wanaoilipia kila mwezi bila kujua wanalipia nini. Bidhaa hiyo ni namba: anwani inayotambulisha kompyuta, simu, televisheni au kamera ya ulinzi pale inapoingia kwenye intaneti.

Habari ilianza na msomaji wetu mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi kando ya Barabara ya Nyerere, ambaye nyumba na stoo yake viko uani, hatua chache kutoka dukani. Alifunga kamera nne, akaziunganisha na intaneti ya nyumbani, akaridhika. Aliposafiri kwenda Mwanza kufuata madeni yake, akafungua simu ili aone stoo ikoje, picha hazikuja. Fundi wake akamweleza kuwa ubovu hauko kwenye kamera bali kwenye "IP": mtoa huduma hakumpa anwani ya peke yake, na akiitaka ipo, kwa nyongeza ya sh. 30,000 kila mwezi. Kwa mwaka hizo ni sh. 360,000, ambazo kwa mtu wa biashara yake ni kama mifuko 20 ya saruji. Swali lake kwetu lilikuwa fupi. Hiyo ni bei halali, au ananyonywa?

Ili kumjibu inabidi turudi nyuma kidogo, na wale wanaoyajua mambo haya watuwie radhi.

Sanduku moja, barua za wengi

Mtu aliyekulia Tanzania hahitaji mwalimu wa kompyuta ili alielewe jambo hili, kwa sababu amelelewa na S.L.P. Barua haikuletwa mlangoni. Ililetwa kwenye sanduku la shule, la misheni, la kiwanda au la ofisi ya baba, na sanduku hilo moja lilipokea barua za watu mia mbili. Karani ndiye aliyejua ipi ni ya nani. Mwanafunzi akiandika kwenda nyumbani, jibu lilirudi bila taabu maana jina lake lilikuwa juu ya bahasha. Lakini mgeni akituma barua yenye S.L.P. tupu bila jina, karani aliitazama, akaigeuza, akaitupa pembeni.

Ndivyo intaneti ya nyumba nyingi inavyofanya kazi. Toleo la anwani linaloitwa IPv4 liliandikwa rasmi Septemba 1981. Kila anwani ni namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, na zote kwa pamoja haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Enzi zile kompyuta zilikuwa mali ya vyuo vikuu, majeshi na makampuni makubwa, na bilioni nne zilionekana kama maji ya bahari. Leo binadamu wamepita bilioni 8, na nyumba moja ya vyumba vitatu hapa Kipawa inaweza kuwa na simu nne, televisheni moja, kompyuta ya mtoto anayesoma na kamera getini.

Uhaba ulionekana mapema. Mwaka 1994 ilibuniwa njia ya nyumba au ofisi nzima kutumia anwani moja, ruta ikiwa ndiyo karani, na mwaka huohuo yakatengwa mafungu ya namba za matumizi ya ndani ambazo kila nyumba duniani inaweza kuzirudia. Ndiyo maana ile 192.168.1.1 ambayo fundi wako anaikariri kuliko namba ya simu ya mkewe ipo Kipawa, ipo Tokyo, na ipo kwa jirani yako pia.

Hiyo ilikuwa dawa ya kutuliza. Dawa ya kuponya ilikuwa toleo jipya, IPv6, lililoandikwa mara ya kwanza Desemba 1995 na kurekebishwa Desemba 1998. Idadi ya anwani zake ni 340 ikifuatiwa na sifuri 36. Kila simu, kila kamera na kila swichi ya taa inaweza kupata ya kwake, na zikabaki nyingi zisizoguswa. Tukirudi kwenye mfano wetu, hii ndiyo ile kazi ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Agosti, mitaa ilipowekewa vibao na nyumba zikabandikwa namba. Kibao kiko mlangoni kwako, na karani hahitajiki tena kukisia barua ni ya nani.

Kwa nini basi, baada ya zaidi ya robo karne, fundi bado anamuuzia mwenye duka anwani ya zamani? Kwa sababu dawa ya kutuliza ilifanya kazi vizuri kupita kiasi, na mgonjwa akasahau kwamba anaumwa. Watoa huduma walipoona hata anwani moja kwa kila nyumba haitoshi, wakaweka karani wa pili huko kwao. Aprili 2012 likatengwa fungu maalumu kwa kazi hiyo, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Nyumba yako inashirikiana sanduku na wanao, na mtaa wako wote unashirikiana sanduku kubwa zaidi lililoko kwa mtoa huduma. Karani wa kwanza unaweza kumwamuru, maana ruta ni yako. Wa pili humjui, na yeye hakujui.

Hapo ndipo kamera za msomaji wetu zilipokwama.

Bei sokoni

Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa matano ya mwisho ya IPv4 yaligawiwa kwa mashirika matano yanayosimamia anwani duniani, moja kwa kila kanda. Ghala kuu likabaki tupu. Mwaka huohuo Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka kwa Nortel, kampuni ya Kanada iliyokuwa imefilisika, kwa dola milioni 7.5. Gawanya mwenyewe: ni dola 11.25 kwa anwani moja. Tangu siku hiyo kitu kilichokuwa kinatolewa kwa kujaza fomu kikawa mali inayoweza kuuzwa na mfilisi pamoja na majengo na magari.

Bei ilipanda kwa miaka kumi. Mwaka 2019 Amazon ilichukua anwani takriban milioni 4 kutoka kwa taasisi ya wapenzi wa redio ya Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 100. Kufikia mwishoni mwa 2021 na katika 2022 bei ilivuka dola 50 kwa anwani, na wapo waliokuwa wakisema itafika dola 100. Haikufika. Iligeuka, na kufikia mwaka 2025 mafungu makubwa yalikuwa yakiuzwa chini ya dola 30.

Tunalisema hili kwa herufi nzito kwa sababu ukurasa huu una wasomaji wenye akiba ndogo, na hawakosekani watu wa kuwashawishi wanunue "viwanja vya intaneti". Mfano wa kiwanja ni mtamu lakini unadanganya. Kiwanja cha Kariakoo hakina mbadala. Hakuna mtu atakayetengeneza Kariakoo nyingine yenye ukubwa wa bara zima na kuigawa bure. Anwani za zamani mbadala wake upo tayari, na kila kampuni kubwa inayohamia kwenye mpya inaacha za zamani zirudi sokoni. Mwenye kununua leo anaweka dau kwamba wenzake watachelewa kuhama. Wanaweza kuchelewa kweli. Hata hivyo dau si kitega uchumi.

Kwa upande wa kodi hali ni tofauti kidogo. Tangu tarehe 1 Februari 2024 Amazon inawatoza wateja wa seva zake nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya zamani inayoonekana nje. Ni kiasi kidogo kukitazama, lakini mwaka una saa 8,760, na jumla yake ni dola 43.80. Anwani mpya hazitozwi. Kwa hiyo msomaji wetu wa Kipawa asidhani ametengenezewa ujanja wa Kiswahili. Duniani kote anayetaka anwani ya zamani ya peke yake anaambiwa alipe. Ubishi ulio halali ni kiasi gani, na kama anaihitaji.

Kisima chetu na kesi zake

Anwani za Afrika hutolewa na AFRINIC, shirika lenye makao Ebène, Mauritius, lililotambuliwa rasmi Aprili 2005. Kila kampuni ya simu na intaneti ya Tanzania inayotaka anwani zake yenyewe hupiga hodi huko. Kwa muda mrefu Afrika ndiyo iliyokuwa imebakiwa na akiba wakati wenzetu wa Asia, Ulaya na Marekani wamekaukiwa. Mwenye maji wakati wa kiangazi huvamiwa.

Na alivamiwa. Mwaka 2019 kuliibuka tuhuma kwamba mamilioni ya anwani yalikuwa yamehamishwa katika daftari kwa njia za panya, na ukaguzi wa shirika lenyewe ukathibitisha kuwa zaidi ya milioni 2 zilichotwa kutoka kwenye akiba yake. Mwaka 2021 AFRINIC iliitaka kampuni ya Cloud Innovation, iliyosajiliwa Shelisheli na yenye anwani zaidi ya milioni 6, izirejeshe, ikidai zinatumika kinyume cha mkataba. Kampuni ilipinga na kwenda mahakamani Mauritius. Julai mwaka huo akaunti za AFRINIC zikazuiwa benki kwa amri ya mahakama. Bodi ikapungukiwa akidi, Septemba 2023 mahakama ikateua msimamizi wa kuliendesha shirika, uchaguzi wa Juni 2025 ukafutwa, na bodi mpya ikapatikana kwa uchaguzi wa Septemba 2025.

Mfanyabiashara wa Kipawa atauliza ya Mauritius yanamhusu nini. Yanamhusu hivi. Tangu Januari 2020 AFRINIC iko katika hatua ya mwisho ya kugawa anwani za zamani, na kwa kanuni za hatua hiyo mwombaji anapata fungu lisilozidi anwani 1,024. Tuchukue kijana mwenye mtaji aliyepata leseni na anataka kuwasambazia intaneti wakazi wa Kipawa, Kiwalani na Karakata. Akifikisha nyumba 5,000 na fungu moja la anwani 1,024, ataweka karani tu. Hana njia nyingine isipokuwa kununua kwa dola. Gharama ya mtambo wa karani, na ya kununua anwani za ziada, haitaonekana kwenye ankara yako kwa jina lake. Itakuwa ndani ya bei ya kifurushi.

Kijana huyohuyo akiomba anwani mpya, fungu la kawaida analopewa linatosha kukatwa vipande zaidi ya milioni 16, kila kipande kikiwa kikubwa cha kutosha kuipa nyumba moja mitandao 256. Nyumba zote za Dar es Salaam zingetosha ndani yake, na angebaki na za kupeleka mikoani.

Wanaotetea ya zamani

Haitakuwa haki kuwaita wapinzani wa toleo jipya washamba. Hoja zao tumezisikia kwa mafundi wenye uzoefu, na baadhi ni nzito.

Ya kwanza ni kwamba namba ya zamani inasomeka. Fundi anaweza kuitaja kwa simu akiwa juu ya ngazi, na msaidizi akaiandika kiganjani. Namba mpya ina makundi nane ya tarakimu na herufi, na akiitaja juani kwenye paa la bati, tatu zitapotea. Hii ni kero ya kweli, ingawa ruta za sasa hugawa namba zenyewe na si lazima mtu azikariri.

Ya pili ni vifaa. Vipo sokoni vinasa picha vya kamera, printa na ruta za bei ya chini ambazo hazijui anwani mpya, au zinaijua kwa maandishi ya kwenye boksi tu. Vilevile tovuti nyingi za hapa nchini bado ziko upande wa zamani, kwa hiyo nyumba yenye anwani mpya peke yake ingejifungia nje ya mambo mengi ya lazima. Hakuna mtoa huduma mwenye akili anayependekeza hivyo. Kinachofanyika ni kuendesha zote mbili kwa pamoja, kifaa kikichagua njia inayofunguka.

Ya tatu ndiyo inayomgusa msomaji wetu moja kwa moja, na wauzaji wa toleo jipya huwa hawaitaji. Anwani ni barabara yenye ncha mbili. Kamera ya Kipawa ikipata anwani mpya safi kabisa, lakini simu ya mwenye duka akiwa Mwanza ikawa kwenye mtandao unaotoa anwani za zamani tu, hawataonana. Kwa mujibu wa takwimu za Google, karibu nusu ya wanaotumia huduma zake duniani wanafika kwa IPv6, na India imevuka theluthi mbili, hasa tangu kampuni ya Jio ilipoanza mwaka 2016 na mtandao uliojengwa kwa anwani mpya toka siku ya kwanza. Kwetu Tanzania sehemu hiyo bado ni ndogo sana. Tukitazama kwa jirani, Starlink ilipoanza kuuza Kenya Julai 2023 mteja wa nyumbani alipewa anwani ya zamani ya kushirikiana, pamoja na fungu la mpya la kwake.

Hoja ya nne tunaikataa. Inasemwa kwamba karani ni mlinzi: kwa kuwa hakuna mgeni anayeweza kukufikia, wezi nao hawakufikii, na kumpa kila kamera kibao mlangoni ni kuwaalika. Karani hakuajiriwa kulinda. Kazi ya kuzuia wageni ni ya kizuizi kilichomo ndani ya ruta, na kizuizi hicho hufanya kazi kwa anwani za aina zote mbili. Oktoba 2016 kundi kubwa la kamera na vinasa picha vilivyotekwa na programu iitwayo Mirai vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti mashuhuri zikazimika kwa saa kadhaa. Vifaa vile vilikuwa kwenye anwani za zamani. Wenyewe walikuwa wamefunguliwa mlango na fundi ili watazame kamera kutoka mbali, na neno la siri likabaki lilelile la kiwandani.

Tena kuna jambo ambalo hesabu yake inashangaza. Tangu mwaka 2013 zipo programu zinazoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za zamani duniani kwa muda usiofika saa moja. Kwenye anwani mpya, namba zilizomo katika mtandao mmoja wa nyumba moja ni nyingi kuliko anwani zote za zamani mara bilioni nne. Mwizi wa kubisha kila mlango angezeeka barabarani. Hilo halimwondolei mwenye nyumba wajibu wa kuhakikisha kizuizi kimewashwa, maana ruta zipo ambazo huwasha anwani mpya na kukisahau.

Vijana wa vocha

Kundi linalostahili kutajwa peke yake ni la vijana wanaonunua intaneti ya jumla na kuwauzia majirani kwa vocha za saa moja, za siku au za wiki. (Leseni ni suala la TCRA, na anayeanza aende akawaulize kabla ya kupanda juu ya nguzo.) Hawa wanaumizwa na anwani ya kushirikiana kuliko mtu yeyote. Wateja 60 wakitoka kwa anwani moja, tovuti za nje huwaona kama mtu mmoja mwenye mikono 120. Mmoja akijaribu ujinga, wote huulizwa kama wao ni binadamu au mashine, au hufungiwa kabisa. Mteja hamlaumu aliyefanya ujinga. Anamlaumu muuza vocha, na wiki inayofuata ananunua kwa mwingine.

Kwao anwani mpya ingekuwa nafuu kubwa, kwa kuwa kila mteja angetoka na namba yake. Lakini wasiwashe kwa pupa. Baadhi ya mitambo ya kuuzia vocha imeundwa kumsimamisha mteja wa anwani za zamani tu. Ukiwasha mpya bila kuifungia njia, mteja atapita pembeni ya ukurasa wa malipo na kutazama video hadi asubuhi bila kulipa senti. Anayeuza vocha apime kwanza na simu yake mwenyewe: aondoe vocha, ajaribu kufungua YouTube. Ikifunguka, azime na kumtafuta fundi anayejua. Eneo lenyewe lina chuo cha TEHAMA cha VETA Kipawa, kwa hiyo kisingizio cha kukosa mtu wa kuuliza ni kidogo.

Kabla ya kutoa fedha

Turudi kwa mwenye duka na sh. 30,000 zake. Tulimwomba kwanza afungue ukurasa wa ruta na kutazama anwani aliyopewa na mtoa huduma. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue una karani wa pili. Yake ilianza na 100.72. Fundi hakumdanganya kuhusu ugonjwa.

Kuhusu tiba ndipo tulipotofautiana. Kinasa picha chake, kama vingi vinavyouzwa siku hizi, kina alama ya mraba ya kupigwa picha kwa simu. Alama hiyo huiunganisha kamera na seva ya mtengenezaji, kamera ikianza safari kutoka ndani kwenda nje, na karani hana sababu ya kuizuia. Hakuna anwani ya peke yake inayohitajika. Gharama yake si fedha bali imani, kwa kuwa picha za stoo yako zinapita kwa mtu usiyemjua, na huko akizima seva zake umekwisha. Asiyetaka hivyo anaweza kuweka programu ya njia ya siri inayounganisha simu na nyumba kwa mtindo huohuo wa kutokea ndani. Inahitaji fundi kwa siku moja, si malipo ya kila mwezi.

Anwani ya zamani ya kudumu ina wanunuzi wake halali. Mwenye maduka matatu yanayosoma hesabu kutoka kwenye seva moja iliyoko nyumbani, au ofisi ambayo benki au mshirika wake anamruhusu kuingia kwa namba maalumu tu, huyo alipe, aiandike kwenye matumizi ya biashara na asilalamike. Mwenye kamera nne za kutazama stoo hayumo humo.

Anwani mpya yeye aiombe sasa, hata kama leo haitamsaidia akiwa Mwanza. Sababu ni ya kibiashara. Ruta au kinasa picha kinachonunuliwa Kariakoo mwaka huu kitakaa ukutani miaka mitano au zaidi, na tofauti ya bei kati ya kinachojua IPv6 na kisichojua mara nyingi ni ndogo, au haipo. Akinunua kisichojua, atakinunua mara mbili. Amwambie muuzaji akiwashe na kumwonyesha ukurasa wa mipangilio, asiridhike na nembo ya kwenye boksi. Kwa mtoa huduma aulize maswali mawili kwa maandishi: je, nyumba yangu inaweza kupata IPv6 kwa kifurushi hiki, na je, kuna nyongeza ya bei? Kampuni isiyoulizwa na mteja hata mmoja haina sababu ya kuharakisha. Nyongeza ya bei kwa anwani mpya, ikitajwa, ndiyo itakuwa ya kunyonywa, kwa kuwa kwa mtoa huduma namba hizo ni tele.

Mwenye duka alipiga alama ya mraba kwa simu mbele yetu, akazima Wi-Fi, akatumia bando lake. Stoo ikaonekana, pamoja na kijana wake aliyekuwa amelala juu ya mifuko ya saruji. Mtoa huduma naye alimjibu baada ya siku nne kwamba ombi la IPv6 limepokelewa na linafanyiwa kazi. Fundi alirudi siku iliyofuata kwa shughuli moja iliyobaki, ambayo hakuna aliyekuwa ameikumbuka toka kamera zifungwe: neno la siri lilikuwa bado ni namba moja hadi sita.